Kuunganisha vifaa na kompyuta ya viwandani: maswali tunayoulizwa Mombasa

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoshinda na mashine: makarani wa mizani za Changamwe na Miritini, wasimamizi wa maghala ya chai Shimanzi, mafundi wa viwanda vidogo vya Jomvu na Mtwapa, na wenye bohari wanaotaka skana na printa zifanye kazi bila kero. Simu nyingi huanza na "kompyuta imekufa". Ukifika waikuta kompyuta nzima kabisa, na tatizo liko mahali fulani kati yake na kifaa: kwenye plagi, kwenye waya, kwenye erthi au kwenye mpangilio wa programu. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanaanza na waya kabla ya kuigusa kompyuta yenyewe.

Kompyuta ya viwandani ina tofauti gani na ya ofisini?

Kwa ndani hakuna ugeni. Ina prosesa, memori na diski, na inaendesha Windows au Linux ile ile. Tofauti iko kwenye sanduku na matundu yake. Nyingi hazina feni; joto hutoka nje kupitia mbavu za alumini zilizo juu ya sanduku, kwa hivyo vumbi la chai au la saruji halivutwi ndani. Nyingi hutumia umeme wa DC, 24 V ikiwa ndiyo ya kawaida, na baadhi hupokea chochote kuanzia 9 hadi 36 V. Zinafungwa kwa skrubu au kwenye reli ndani ya kabati la umeme. Na bado zina poti za siriali, zile za pini tisa ambazo kompyuta za ofisini ziliachana nazo zamani, kwa sababu mizani na mitambo hudumu miaka mingi na hakuna anayetupa mizani ya malori eti kompyuta imebadilishwa.

Kabla ya kununua, hesabu matundu unayohitaji kisha ongeza mawili. Asiyehesabu huishia na hab ya USB, kile kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi, iliyoning'inizwa kwa tepu, na hab hiyo ndiyo itakayomwita fundi.

Fundi, mizani yangu ina plagi ya pini tisa na kompyuta ina tundu la pini tisa. Nimechomeka, namba hazitokei. Poti imeungua?

Huenda haikuungua. Plagi kuingia si sawa na vifaa kuelewana.

Poti ya pini tisa kwa kawaida ni RS-232, utaratibu uliotolewa mwaka 1960 na ambao bado unalisha mizani nyingi mjini humu. Upande wa kompyuta, pini 3 hutuma, pini 2 hupokea, na pini 5 ni waya wa pamoja. Watengenezaji wa visomeo vya mizani, vile visanduku vinavyoonyesha uzito, hawakukubaliana: wengine hutuma kwa pini 2, wengine kwa pini 3. Kisomeo kikituma kwa 3, kompyuta ikatuma kwa 3, na kebo ikapita moja kwa moja, wote wawili wanasema na hakuna anayesikia. Hapo inatakiwa kebo ya kupishana, ambayo 2 ya upande huu inakwenda kwa 3 ya upande ule.

Usikisie. Chukua mita ya kupimia umeme (multimita), iweke kwenye volti 20 za DC. Chomoa kebo upande wa kompyuta tu, uiache upande wa mizani, na mizani iwe imewaka. Ncha nyeusi iguse pini 5 ya kebo, nyekundu iguse pini 2, halafu pini 3. Waya unaotuma, ukiwa kimya, hukaa na volti hasi, aghalabu kati ya −5 na −12. Ikiwa mizani inatuma uzito mfululizo, namba ya mita itachezacheza, ila bado utaona inaelemea upande wa hasi. Waya unaopokea utaonyesha karibu na sifuri.

Sasa soma jibu. Volti hasi ikiwa kwenye pini 2 ya ncha ile ya kebo, kebo ni sahihi, kwa sababu pini 2 ndipo kompyuta inaposikiliza. Ikiwa kwenye pini 3, unahitaji kupishanisha. Ikiwa hakuna volti popote, ama waya umekatika, ama poti ya kisomeo imezimwa kwenye menyu yake, ama kisomeo hicho hakitumii RS-232 kabisa na plagi imefanana tu. Fungua kitabu cha kisomeo kabla ya kuendelea, maana kuna vifaa vya 3.3 V au 5 V ambavyo volti za RS-232 zinaweza kuviua.

Na urefu? RS-232 ilipangiwa takriban mita 15. Watu huvuta mita 40 kutoka kwenye daraja la mizani hadi ofisini na inafanya kazi kwa mwendo mdogo, mpaka siku mota ya karibu inapowashwa.

Namba zinatokea, lakini ni alama za ajabu ajabu.

Hiyo ni habari njema. Waya ni mzima. Kilichobaki ni mpangilio: mwendo, idadi ya biti, pariti na biti ya kumaliza. Utaona imeandikwa kama 9600, 8, N, 1. Pande zote mbili lazima zifanane kila kitu. Takataka tupu mara nyingi ni mwendo usiofanana. Maandishi yakija nusu yakiwa sawa na nusu yameharibika, angalia biti 7 dhidi ya 8, na pariti.

Jaribu kwanza kwa programu nyepesi ya kusoma poti, kama PuTTY, kabla ya kuilaumu programu ya mizani. Ukiona uzito unapita vizuri mle, tatizo ni la programu ya mizani. Kumbuka kuifunga PuTTY baadaye, kwa sababu poti moja ya COM (ndivyo Windows inavyoita poti ya siriali) hushikwa na programu moja kwa wakati. Karani mmoja anaweza kuhangaika asubuhi nzima kumbe dirisha la majaribio limefichwa chini.

Usikubali suluhisho la "andika uzito kwa mkono". Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama wa meli, SOLAS, inadai uzito wa kontena lenye mzigo uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini. Tarakimu moja iliyopinduka kwa mkono itakutafuta hadi Kilindini.

Kompyuta yangu haina poti ya siriali. Adapta ya USB inatosha?

Inatosha, ukinunua nzuri. Za bei ya kutupa mara nyingi zina chipu bandia ambayo draiva mpya huikataa: kwenye orodha ya vifaa vya Windows utaona alama ya manjano, na leo inafanya kazi, kesho baada ya Windows kujisasisha haifanyi. Nunua yenye jina la chipu lililoandikwa wazi, yenye skrubu za kushikilia plagi, na kama mizani iko nje au kwenye jengo lingine, nunua iliyotenganishwa kwa ndani ili umeme wa upande mmoja usivuke kwenda mwingine. Ni ghali zaidi. Linganisha bei hiyo na ya bodi ya kompyuta.

Jana ilikuwa COM3, leo ni COM7. Nani anabadilisha?

Windows. Adapta ambayo chipu yake haina namba yake ya utambulisho ya kiwandani hutambuliwa kwa tundu ilimochomekwa, na ukiihamisha tundu inapewa namba mpya. Msafishaji akichomoa ili afagie, akarudisha kando, programu ya mizani inabaki ikisubiri COM3 ambayo haipo. Dawa ni kununua adapta yenye namba yake, au kuandika kwa kalamu ya rangi juu ya tundu "MIZANI" na kuwaambia wote wasiguse. Unaweza pia kuirudishia namba ya zamani kwenye mipangilio ya poti ndani ya Windows.

Programu za zamani zina kizuizi kingine: baadhi hazioni zaidi ya COM4, nyingine zinakwama kuanzia COM10. Shusha namba, usibadilishe programu.

Kwenye Linux utaikuta kama /dev/ttyUSB0. Ikikukatalia ruhusa, mwingize mtumiaji kwenye kundi la dialout kisha atoke na kuingia upya.

Nina mita za umeme nane, waya mbili tu, na mbili kati yao hazijibu.

Hapo umeingia kwenye RS-485, utaratibu wa siriali unaounga vifaa vingi kwenye mstari mmoja, na mara nyingi juu yake panapita lugha ya Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon. Ni mfumo mzuri kwa viwanda: waya huu unafika hadi mita 1,200 kwa mwendo mdogo, na unabeba vifaa 32 vya kawaida kwenye mstari mmoja, zaidi ikiwa chipu ni za kisasa. Lakini una masharti, na mafundi wa umeme wa nyumba huyakosea kwa sababu wamezoea kugawa waya kama matawi.

Sharti la kwanza: mstari mmoja. Waya uingie mita ya kwanza, utoke kwenda ya pili, utoke kwenda ya tatu, hadi mwisho. Usitoe matawi marefu kutoka kisanduku kimoja cha kati. Mawimbi hurudi nyuma kutoka mwisho wa kila tawi na kuvuruga ujumbe, na ndiyo sababu mita mbili zinakataa wakati sita zinajibu.

Sharti la pili: kizuizi (rezista) cha ohm 120 kila mwisho wa mstari, viwili tu. Kukagua ni rahisi. Zima kila kitu, weka multimita kwenye ohm, pima kati ya waya A na waya B. Ukipata karibu na 60, vizuizi viwili vipo. Ukipata karibu na 120, kimoja kimekosekana au waya umekatika katikati. Ukipata 40, mtu ameongeza cha tatu. Tafuta mita iliyo katikati ambayo swichi yake ndogo imewekwa kwenye "on". Kipimo hiki kinachukua muda wa kunywa kahawa, na kinakuambia mengi kuliko siku nzima ya kubadilisha mipangilio.

Sharti la tatu: anwani. Kila mita iwe na namba yake, kati ya 1 na 247. Mita mpya nyingi hutoka kiwandani zote zikiwa na namba 1, na mbili zenye namba moja zitajibu kwa pamoja na kuharibiana. Ipe kila moja namba yake ikiwa peke yake kabla ya kuifunga kwenye ubao.

Halafu kuna A na B. Kampuni moja huita A ile ambayo nyingine huita B. Kama kila kitu kiko sawa na kifaa bado kimenyamaza, pindua waya mbili hizo kwenye kifaa hicho. Hakitaungua kwa kupinduliwa. Na usisahau waya wa tatu, ule wa pamoja: "waya mbili" ni jina tu, na kwa umbali mrefu bila waya wa pamoja, tofauti ya umeme kati ya majengo itaua chipu.

Nikigusa sanduku la kompyuta napata mtetemo mkononi. Na poti hufa kila mvua za masika.

Maswali mawili, jibu moja: erthi.

Umeme wetu ni 240 V. Vifaa vya umeme vya kompyuta vina vichujio ambavyo hupitisha kiasi kidogo sana kwenda kwenye waya wa erthi. Erthi ikiwa haipo, sanduku lote linaelea kwenye takriban nusu ya 240, na mkono wako unaisikia. Mkondo ni mdogo, hautakuua, lakini poti ya USB au ya siriali ina kinga ndogo kuliko ngozi yako. Sababu tunazokuta ni zile zile: plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kuingia kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, au kebo ya kurefusha isiyo na waya wa erthi ndani, japo plagi yake ina pini tatu. Ifungue uone. Waya mbili ndani ya plagi ya pini tatu ni ulaghai wa kawaida.

Upande wa masika ni kwamba mizani iko uwanjani na erthi yake, ofisi iko upande wa pili na erthi yake nyingine, na kebo ya siriali imeunganisha hizo mbili. Radi ikipiga jirani, au stima ikirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ardhi za sehemu mbili hizo hupanda kwa viwango tofauti, na njia fupi ya kusawazisha ni kupitia chipu ya poti yako. Chipu haina nafasi.

Kabla ya kuchomeka kebo iliyotoka jengo lingine, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye chuma cha plagi ya kebo, nyingine kwenye sanduku la kompyuta. Ukiona zaidi ya volti moja au mbili, usichomeke. Tengeneza erthi kwanza, au weka kitenganishi. Kati ya majengo mawili, kama pesa ipo, tumia fiba. Kioo hakipitishi umeme, na hapo mjadala umekwisha.

Kuhusu ngao ya kebo, ile nyavu ya chuma iliyozunguka nyaya: kwa siriali na kwa sensa, ifunge kwenye erthi upande mmoja tu, upande wa kabati. Ukiifunga pande zote mbili umeongeza njia nyingine ya umeme kuzunguka.

Mbona plagi zetu zinaota ukijani na za Nairobi hazioti?

Chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote huibeba kutoka baharini na kuiweka kila mahali, na chumvi hunywa unyevu wa hewa. Palipo na shaba, unyevu na umeme mdogo, shaba huliwa. Ukifungua kofia ya plagi ya mizani iliyokaa nje karibu na bandari utaona unga wa kijani umejaa kwenye solda, na ukichuna plastiki ya waya, shaba ndani imekuwa nyeusi kwa urefu wa kidole au zaidi. Waya huo unaweza kupima mzima kwa mita leo na kukataa kesho asubuhi umande ukiwepo. Kuutia solda upya hakusaidii, kwa sababu solda haishiki shaba nyeusi. Kata, rudi nyuma hadi uone shaba inayong'aa, halafu anza upya.

Kwa kazi ya nje, tumia viunganishi vya duara vya M12 vya kiwango cha IP67 badala ya plagi ya pini tisa iliyofungwa nailoni. IP67 maana yake vumbi haliingii na kifaa kinastahimili kuzamishwa kwa muda katika maji ya mita moja. Lakini ni pale tu kinapokazwa vizuri. Kikilegea ni plagi ya kawaida yenye bei kubwa. Waya wa shaba uliopakwa bati, kama wanaotumia watu wa maboti, huishi zaidi.

Kebo ziingie kabati kwa chini, kupitia glandi zilizokazwa, na kabla ya kuingia ziache mkunjo unaoning'inia ili maji yadondokee hapo. Tundu lisilotumika lizibe. Tumekuta mijusi kafiri ndani ya makabati, na kinyesi chao hula bodi vibaya kuliko chumvi. Weka mfuko wa vidonge vya kunyonya unyevu na uubadilishe. Uliokwisha kujaa haufanyi chochote.

Pini zilizochafuka safisha kwa spiriti ya isopropili au dawa ya kusafishia kontakti. Msasa unaondoa dhahabu iliyopakwa juu ya pini, na baada ya hapo kutu inakuja mbio.

Skana iko mita kumi na mbili kutoka kwenye kompyuta. Nikiunga kebo tatu za USB itafika?

Itafika, na itakuwa ikijikata. Kebo ya USB 2.0 inaishia mita 5. Zaidi ya hapo tumia kebo yenye kikuza mawimbi ndani yake, au jozi ya vibadilishi vinavyopitisha USB kwenye kebo ya mtandao. Poti moja ya USB 2.0 hutoa 500 mA tu, ya USB 3.0 ni 900 mA, na kebo ndefu nyembamba hula volti njiani. Skana inayowaka taa kisha kuzima kila ukibonyeza kitufe ina njaa ya umeme. Ipe hab yenye adapta yake.

Kama vifaa vinapotea kila baada ya kukaa kimya muda, zima ule mpangilio wa Windows unaolaza poti za USB ili kuokoa umeme. Kwenye kiwanda hauokoi chochote.

Skana inasoma, lakini haishuki mstari. Au inaandika herufi nyingine.

Skana nyingi hujifanya kibodi. Kwenye kitabu chake kuna msimbo wa mistari wa kuongeza Enter mwishoni. Uchanganue mara moja. Herufi zikibadilika, lugha ya kibodi kwenye Windows na ile iliyo ndani ya skana hazifanani. Kama kitabu kimepotea, kipo kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Printa ya riboni, ile ya makelele, itafanya kazi na kompyuta mpya?

Itafanya, na usiitupe. Kwa stakabadhi za karatasi tatu zenye nakala, hakuna printa ya wino wala ya joto inayoweza kugonga nakala ya chini. Ina poti ya sambamba ya pini 36, na adapta ya kwenda USB inapatikana kwa urahisi. Tatizo ni programu za kale zinazoandika moja kwa moja kwa LPT1, jina la zamani la poti ya sambamba. Adapta ya USB haitengenezi LPT1 ya kweli. Shiriki printa kwenye mtandao wa kompyuta hiyo hiyo kisha uielekeze LPT1 kwenye jina hilo kwa amri ya net use, au nunua kompyuta ya viwandani yenye poti ya sambamba, kwani bado zinatengenezwa.

Skrini ya kugusa inaonyesha picha lakini haiguswi.

Kebo ya picha haibebi mguso. Kuna kebo ya pili ya USB nyuma ya skrini. Ikiguswa pasipo pake, fanya urekebishaji wa pointi. Na kama wafanyakazi wanavaa glavu nene, nunua ya kubonyea, si ya kugusa kama simu.

Kamera na vifaa vya mtandao: kebo ni kebo?

Hapana. Kuna kebo za bei nafuu ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, ni hiyo. Hukatika kwenye plagi, hula kutu haraka, na ukipitishia kamera umeme juu yake hupata joto. Umeme huo wa kupitia kebo una kiwango: cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4 kwenye swichi, 802.3at cha 2009 hutoa 30. Swichi za kiwango huuliza kwanza kifaa kama kinahitaji. Vile visanduku vya 24 V visivyouliza hupeleka tu, na kompyuta isiyotarajia umeme huo inaweza kuungua.

Urefu ni mita 100, pamoja na vipande vya mwisho. Kebo zisilale pamoja na nyaya za mota au za vidhibiti vya mwendo wa mota; ziache sentimita 20 au zaidi, na pa kukutana zipishane kama msalaba.

Ikishindikana, mpe kifaa anwani iliyo kwenye familia moja na kompyuta, kwa mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.20, kisha tuma ping, ile amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu. Kama inajibu hata ukiwa umechomoa kebo ya kifaa, kuna kifaa kingine chenye anwani hiyo.

Sensa ya tangi inaonyesha tangi tupu, na tangi limejaa.

Ikiwa ni sensa ya 4 hadi 20 mA, tupu kabisa ni 4 mA, si 0. Pima mkondo kwa mita. Chini ya 3.6 mA ni waya uliokatika au sensa iliyokufa. Programu inayoonyesha "0%" badala ya "hitilafu" imeandikwa vibaya, mwambie aliyeiandika. Kwa sensa za kuwaka na kuzima, hakikisha PNP (inayotoa chanya) imekutana na ingizo la PNP; ukichanganya na NPN (inayovuta kwenda hasi) hakitaungua kitu, ila haitaonekana kamwe.

Stima ikirudi, kompyuta inabaki imezima au inasimama kwenye maandishi meupe.

Mambo mawili ya BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. La kwanza, weka iwake yenyewe umeme ukirudi. La pili, kompyuta isiyo na kibodi husimama ikilalamika kuwa kibodi haipo. Iambie isisimame kwa kosa la kibodi. Kama mipangilio hiyo inapotea na tarehe inarudi miaka ya nyuma, badilisha betri ya CR2032. UPS, ile betri ya akiba, nayo iunganishwe kwa kebo yake ya USB, si umeme peke yake, ili iiambie kompyuta ijifunge kabla betri haijaisha.

Naweza kuchomeka vifaa kompyuta ikiwa inawaka?

USB na mtandao, ndiyo. Poti ya siriali na ya sambamba, zima kwanza, hasa kama erthi hujaipima.

Flashi za wafanyakazi, tuzizuie?

Zizuie. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia kwenye mitambo iliyotengwa na intaneti kupitia flashi. Kwenye mizani hutakutana na adui wa kiwango hicho, ila virusi vya nyimbo za bure vinatosha kusimamisha malori foleni nzima. Ziba matundu ya mbele, na flashi ya kubebea ripoti iwe moja, ikae kwa msimamizi.

Nikipiga simu, nikueleze nini?

Tuma picha ya kibandiko cha kifaa, picha ya plagi pande zote mbili za kebo, na picha ya ukurasa wa poti kwenye Windows. Sema ni lini ilifanya kazi mara ya mwisho na nini kilibadilika tangu hapo, hata kama ni kufagia tu au kuhamisha meza. Kama una mita, pima zile volti za pini 2 na 3 na ututumie namba pamoja na alama yake, hasi au chanya.